Bado Masomo Mawili

"Simama!"

Sauti ilitoka dirishani mwa gari dogo jekundu lenye kibao cha shule ya udereva juu ya paa, tena ilitoka kwa nguvu hata watu saba waliokuwa kwenye baiskeli zao barabara ya Nørrebro wakashika breki kwa pamoja. Akasimama hata bwana mmoja aliyekuwa akienda zake kwa miguu. Yule aliyekusudiwa ndiye aliyesimama wa mwisho, na lori la mchanga likakata kona ya kulia mbele ya gurudumu lake, karibu mno, mpaka vumbi likamwingia mdomoni.

Ilikuwa Aprili, saa mbili kasoro robo asubuhi, wakati ambao nusu ya Kopenhagen iko juu ya baiskeli na nusu nyingine inazilaani baiskeli. Mwanamume alishuka taratibu. Alikuwa mrefu, ndevu rangi ya shaba, shati la buluu la kazi limefifia viwikoni, na mgongoni amejifunga bomba refu la bati la kinanda cha kanisa. Akalisogelea lile gari jekundu.

"Umenipigia kelele," akasema.

"Nimekupigia, ndiyo. Ulitaka nikuandikie barua?"

Mwanamke aliyesema hivyo alikuwa ameketi kiti cha mwalimu, nywele fupi kama za mvulana, koti la mvua la manjano, midomo imepakwa rangi nyekundu asubuhi mapema vile kana kwamba anakwenda harusini. Pembeni yake mwanafunzi, mama mmoja wa makamo, alikuwa ameung'ang'ania usukani huku machozi yanamlengalenga.

"Asante," mwanamume akasema.

"Haya, ondoka hapo, unazuia njia."

Akaondoka. Lakini kabla hajaondoka aliisoma namba ya simu kwenye mlango wa gari, akaisoma mara mbili.

Saa sita mchana simu ikalia.

"Sidsel hapa."

"Mimi ni yule uliyemwambia asimame."

"Bado umesimama?"

"Niruhusu nitembee basi." Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kizito, cha chini, cha mtu asiyecheka ovyo. "Naitwa Troels. Nataka kujifunza gari. Nina miaka arobaini na mmoja na sijawahi kugusa usukani."

"Kipi kimekuamsha?"

"Nimepata kazi Lemvig. Mzee mmoja fundi wa vinanda anataka mtu wa kumpokea. Makanisa sitini, vinanda sitini, na huko bila gari hufiki popote. Nikiwa na leseni ifikapo tarehe mosi Agosti, nafasi ni yangu. Nisipokuwa nayo, anampa mwingine."

"Lemvig," Sidsel akasema. "Si huko ndiko nchi inakoishia?"

"Mwendo wa saa tano kwa treni. Ndiyo kazi niliyoitaka tangu nina miaka ishirini."

Basi jambo lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Sidsel alikuwa anamfundisha mtu namna ya kuondoka, na alijua.

Ndani ya gari Sidsel alikuwa jemadari. "Kushoto. Kioo. Tazama nyuma ya bega. Punguza. Nimesema punguza, sikusema uombe dua! Gia ya pili. Ya pili, Troels, hiyo ni ya nne, unataka kutuzika?" Troels alikuwa anatii kila neno na kutoka jasho, na kila wakirudi mbele ya ofisi ya shule anashuka akiwa amechoka kama aliyebeba magunia.

"Unapenda sana kuamrisha," akamwambia siku moja.

"Ni kazi."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani sina wa kumwamrisha."

Troels akakohoa, akatazama dirishani, masikio yamemwiva. Jioni ile akampigia simu kumwuliza kama magurudumu ya nyuma nayo yana breki. Walizungumza saa nzima, na breki zilimalizika katika dakika ya pili.

Sasa niseme kidogo, maana nimeishi mji huu miaka ishirini na sita na jambo hili linanikera mpaka leo. Huku hatuna hata neno la tafadhali. Mtu mezani anasema nipe chumvi, asante, na hiyo asante inafika kabla ya chumvi. Hakuna anayekasirika. Vitu vidogo tunaamrishana kutwa: funga mlango, sogea, niletee kahawa. Lakini likija jambo kubwa, jambo la maisha ya mtu, midomo yote inashonwa. Hapo unaambiwa, "Hilo uamue mwenyewe." Mama anamwambia mwanawe, mume anamwambia mke. Tunaona ndiyo heshima yenyewe. Ah, heshima gani hiyo inayomwacha mtu peke yake njia panda!

Sidsel alilelewa hivyo, akakomaa hivyo. Miaka sita nyuma mume wake Kåre alipopata kazi Norway na kumwuliza unaonaje, alimjibu uamue mwenyewe. Kåre akaamua. Sidsel akamsaidia kubeba sanduku mpaka stesheni, akampungia mkono, akarudi nyumbani akalala siku mbili bila kula. Hakumwambia mtu.

Mwezi Mei walikuwa wapenzi tayari, ila hawakuwa wamelisema. Lilisemwa na redio.

Huku kila mwanafunzi lazima apelekwe kwenye uwanja wa utelezi, barabara imemwagiwa maji na sabuni, gari linazunguka kama pia, na wewe uko ndani peke yako. Mwalimu anasimama pembeni na redio, na anachosema kinasikika katika magari yote. Siku hiyo yalikuwa magari matano. Mwenye shule, mzee Preben, tumbo mbele na kofia ya majani kichwani, alikuwa amesimama na Sidsel. Gari la Troels likapinda, likaserereka, likaanza kwenda kinyumenyume.

"Usikanyage breki, mpenzi!" Sidsel akapiga kelele redioni. "Achia! Achia, mpenzi wangu, geuza usukani!"

Gari likatulia. Redio nayo ikatulia. Magari mengine manne yakasimama yenyewe bila kuambiwa.

Preben akaichukua redio mkononi mwake. "Mpenzi amesikia," akasema. "Na sisi wengine, tukanyage au tusikanyage?"

Vicheko vilivuma uwanja mzima. Sidsel alijifunika uso kwa kola ya koti la manjano. Troels alitoka garini, akaja akiteleza kwenye maji ya sabuni na viatu vyake vyote viwili, akaanguka mara moja, akainuka, akafika.

"Umeniita?" akauliza.

"Rudi kwenye gari."

"Niite tena kwanza."

"Troels, watu wanatazama."

"Watazame. Wamelipia."

Akambusu hapohapo, suruali inachuruzika maji. Preben akageuka akatazama upande wa pili, akawaamuru wanafunzi wote wanne wageuke naye.

Juni ilikuwa nzuri, jamani. Jua halitaki kwenda kulala, na wao kila jioni kwenye roshani ya Sidsel, viazi vipya na siagi, samaki wa kukaanga, stroberi kwenye bakuli la buluu. Troels alikuwa na masikio ya ajabu, kila kitu kwake kina sauti yake.

"Friji yako inaimba chini kidogo," anasema.

"Iache friji yangu."

"Nikiiwekea kipande cha mpira chini ya mguu itapanda."

"Njoo hapa wewe, achana na friji."

"Hiyo ni amri, mwalimu?"

"Ni amri."

Anakuja. Kwa mambo hayo Sidsel hakuwa na shida, anaamrisha na anatiiwa. Lakini Troels akimwonyesha picha kwenye simu, nyumba ya matofali mekundu kule Lemvig, vyumba vinne na mti wa tufaha uani, amri zinamwishia.

"Unaionaje?" Troels anauliza.

"Nzuri. Uamue mwenyewe, mpenzi."

Troels anaiweka simu mfukoni na kuomba chumvi.

Ikafika katikati ya Juni. Siku hiyo Troels aliendesha kutoka Nørrebro mpaka bandarini na kurudi bila kosa hata moja, na Sidsel hakuwa na la kumwamrisha. Alikuwa tayari. Kilichobaki ni kupanga siku ya mtihani, kazi ya dakika mbili kwenye kompyuta ya ofisi.

"Vipi?" Troels akauliza, anang'aa. "Nipelekwe?"

Sidsel akafungua mdomo kusema ndiyo. "Bado masomo mawili," akasema.

Neno lilimtoka lenyewe. Wiki iliyofuata likamtoka tena. Na ile nyingine. Kioo unakichelewa, alimwambia, ingawa hakukichelewa. Bega hulitazami vizuri. Alikuwa anajichukia akisema hivyo, usiku halali vizuri, asubuhi anaapa leo nampangia, na akimwona anakuja na shati lake la buluu anasema bado masomo mawili. Hakuweza kumwambia mtu usiondoke, basi akawa anamnyima ufunguo wa mlango. Nami nampenda Sidsel, lakini hilo lilikuwa kosa, tena kubwa.

Na Troels alimwamini. Hilo ndilo baya lenyewe. Alianza kushika usukani kwa woga. Kwenye taa za barabarani anatazama mara tatu, nne, mpaka magari ya nyuma yanapiga honi. Tarehe ishirini Julai alikuja roshani kwa Sidsel, akakaa, hakugusa chakula.

"Nimempigia Verner," akasema. Verner ndiye yule mzee fundi wa Lemvig. "Nimemwambia ampe mwingine."

Uma ukamponyoka Sidsel. "Kwa nini?"

"Zimebaki siku kumi na moja, na mimi siwezi kuendesha. Wengine hatukuumbiwa. Si kosa lako, umenivumilia sana."

Hapo ndipo Sidsel alipotakiwa kusema. Hapohapo! Nani angemzuia? Alimshika mkono, akasema, "Pole, mpenzi," akasikia jino lake la nyuma linaanza kumgonga kwa jinsi alivyokuwa ameyauma meno.

Kesho yake Sidsel yuko kwa daktari wa meno, na somo la Troels akalichukua Preben. Walizunguka nusu saa tu.

"Simamisha gari pale," Preben akasema. "Wewe unafanya nini huku kwangu bado? Uko tayari tangu zamani! Mimi nina wanafunzi wana leseni miaka mitatu hawaendeshi hivi. Mbona hujapelekwa mtihani?"

"Mwalimu anasema bado."

"Bado nini?"

Troels alishuka garini, akaufunga mlango polepole, akaondoka kwa miguu.

Jioni Sidsel alipiga simu mara tisa. Ya kumi ikapokewa.

"Nilikuwa tayari?" Troels akauliza. Hakusalimia.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Katikati ya Juni."

"Sidsel. Nimeacha kazi ya maisha yangu kwa kuamini kwamba mimi ni mjinga."

"Nisikilize..."

"Hapana. Umeniamulia. Mtu yeyote angenifanyia hivyo, lakini si wewe." Simu ikakatwa.

Sidsel alikaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji, akalia kwa sauti, shavu limevimba upande mmoja. Alipomaliza kulia akanawa uso. Asubuhi alikuwa wa kwanza ofisini, akamweleza Preben kila kitu bila kujitetea, na Preben akakaa kwenye simu mpaka akapata nafasi ya mtu aliyeahirisha mtihani: Ijumaa saa tatu. Preben mwenyewe akampigia Troels kumjulisha. Kisha Sidsel akatafuta namba ya Lemvig.

"Verner," sauti kavu ikaitika.

"Naitwa Sidsel Ravnholt, mwalimu wa udereva wa Troels."

"Hm."

"Alikuambia hawezi. Si kweli, anaweza, anaweza vizuri sana. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Nakuomba umshikie nafasi mpaka Ijumaa."

"Kwa nini ulimchelewesha?"

Ni ajabu, jambo gumu wakati mwingine huwa jepesi kumwambia mtu usiyemjua. "Kwa sababu sikutaka aondoke."

Watu wa upande ule hawana maneno mengi. Sidsel alisikia saa ya ukutani kwa Verner ikigonga.

"Ijumaa mchana nitangoja," Verner akasema. "Yeye anajua?"

"Anajua kwamba nilimchelewesha."

"Sikuuliza hilo," Verner akasema, akaweka simu chini.

Ijumaa Troels alikuja, shati jeupe limepigwa pasi, ndevu zimepunguzwa. Alimsalimia Sidsel kama anavyomsalimia karani wa posta. Sidsel alikuwa kwenye koti lake la manjano ingawa mvua haikuwapo, midomo haijapakwa kitu. Mtahini akaingia garini, Troels akawasha, wakaondoka. Sidsel akabaki amesimama kwenye maegesho dakika arobaini bila kukaa.

Gari lilirudi likaingia kwenye nafasi yake moja kwa moja. Mtahini akatoa karatasi, akampa Troels mkono, akaenda zake. Troels aliitazama ile karatasi muda mrefu. Akatoa simu.

"Verner? Nimepata." Akasikiliza. "Jumatatu. Ndiyo, Jumatatu niko huko." Akasikiliza tena, na uso ukambadilika kidogo, akamtupia Sidsel jicho la haraka. "Amesema hivyo?" akauliza. "Hapana. Mimi hajaniambia."

Gari lilipaswa kurudishwa Nørrebro. Troels aliendesha, Sidsel pembeni, mikono magotini. Walipita taa tatu, madaraja mawili, mzunguko mmoja wenye baiskeli zisizo na idadi.

"Mbona huniamrishi?" Troels akasema.

"Una leseni."

Akasimamisha gari kando ya ziwa, akazima injini.

"Ulidhani ningefanya nini kama ungeniambia?"

"Ungebaki," Sidsel akasema.

"Na hilo lingekuwa baya?"

"Ungebaki kwa ajili yangu. Halafu siku moja ungenitazama mezani na ungeona makanisa sitini. Sikutaka kuwa mtu aliyekunyima hayo. Halafu nikakunyima kwa wizi, bila hata kuwa na ujasiri wa kukuomba." Akajipangusa pua kwa mkono wa koti. "Kåre nilimwambia aamue mwenyewe. Nikambebea na sanduku."

"Mimi sikutaka unibebee sanduku," Troels akasema. "Mimi nilitaka ulikalie."

Sidsel akacheka na kulia kwa pamoja, na jino likamuuma.

"Na wewe je?" akamgeukia. "Wewe uliniomba nini? Siku ngapi umekaa kwenye roshani yangu?"

"Nilikuonyesha ile nyumba mara tatu."

"Nilidhani unanionyesha mti wa tufaha!"

"Vyumba vinne, Sidsel. Mimi peke yangu nifanye nini na vyumba vinne? Nilikuwa nangoja useme kitu."

"Nami nilikuwa nangoja uulize."

"Niliona si haki kukuuliza. Una kazi yako hapa, una mji wako. Nikasema aamue mwenyewe."

Wakatazamana. Nje watu walikuwa wanakimbia mazoezi kuzunguka ziwa, mama mmoja anagombana na mbwa wake. Laiti ningekuwa kwenye kiti cha nyuma ningewagonganisha vichwa.

"Bado nina hasira," Troels akasema.

"Kuwa nayo. Ni haki yako."

"Hutanifanyia tena."

"Sitakufanyia tena."

Troels akatikisa kichwa kukubali. Sidsel akaelewa kwamba sasa hakuna atakayemsaidia. Alivuta pumzi. Kila siku anakaa pembeni ya watu wasiojua kuendesha wala haogopi, sasa aliogopa.

"Sijui kuomba," akasema. "Nikikosea utanisamehe. Troels, naomba usiende bila mimi. Sisemi ubaki. Nenda kwenye vinanda vyako. Lakini naomba unichukue. Huko Lemvig nao lazima wajifunze gari, hawazaliwi wanajua. Nitatafuta kazi, nitakaa chumba chochote kati ya hivyo vinne. Unaweza kukataa, na ukikataa nitakuwa nimesikia. Ila safari hii nimekuomba."

Troels alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limezimwa. Macho yamejaa maji. Sidsel akaanza kutafuta mkanda wa kiti aufungue ashuke.

"Rudia," Troels akasema.

"Nini?"

"Lile neno. Rudia."

"Naomba?"

"Lote. Tangu mwanzo. Nimelingoja tangu Mei."

Sidsel akauacha mkanda, akamshika ndevu kwa mikono yote miwili, akarudia.